Dar es Salaam Ina Majira, Mimi Ndiye Niliyekuwa Siyaoni

Agosti 2017 nilipanda basi Njombe nikiwa na cherehani mbili, begi la nguo na Sh 900,000 nilizoweka kwa miaka miwili. Shangazi yangu wa Kinondoni alikuwa amenihakikishia kwamba Dar es Salaam fundi mzuri wa nguo hakosi kazi, na hilo lilikuwa kweli. Kuhusu mvua hakuna aliyeniambia kitu. Na mimi sikuuliza.

Kwetu mwaka unajitangaza wenyewe. Juni na Julai sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, inalala juu ya majani mpaka jua lichomoze, na viazi vya vinyungu, yaani bustani za bondeni, vinaungua kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Kifuku, majira yetu ya mvua, kikikolea, ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa, na njia za kijijini zinajaa watu wenye madumu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukwambia uko mwezi gani kwa kutazama tu bonde. Nilipofika Dar nikaona jua, jasho, lami na kunguru. Wiki ya kwanza jua, mwezi wa pili jua. Nikajiambia kwamba huku hakuna majira, kuna joto tu. Wazo hilo lilinigharimu zaidi ya milioni moja, na ndiyo maana naandika haya kwa mtu yeyote anayehamia jiji hili, au anayeishi humu miaka yote bila kuinua macho.

Dalali alinipeleka Hananasif, upande wa chini, kule unakoelekea mto Msimbazi. Chumba na sebule, Sh 90,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi, na yeye mwenyewe akachukua ya mwezi mmoja. Sh 630,000 zikaondoka siku moja. Nilipapenda sana. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta ya mchicha na matembele yaliyostawi vizuri mno, migomba minene, na zaidi ya hapo matete marefu kuliko mtu. Upepo ulikuwa wa ubaridi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi upya, ya kijani, mpaka usawa wa kifua.

Leo nikikumbuka siku ile naona kila kitu kilikuwa kinaniambia. Mchicha unaostawi mwezi Agosti, miezi kadhaa baada ya masika kwisha, bila mtu kuhangaika na ndoo, unakwambia maji yako karibu chini ya ardhi. Matete hayaoti pakavu. Rangi mpya iliyoishia kifuani ilikuwa inaficha alama za maji. Milango yote ya ua ule ilikuwa na vizingiti vya zege virefu hadi gotini, mimi nikadhani ni mtindo wa ujenzi wa pwani. Kwa jirani niliona kitanda kimeinuliwa juu ya matofali manne manne kila mguu, nikafikiri anatafuta nafasi ya kuweka mabegi.

Chumba cha pili uani aliishi bibi mmoja wa Kizaramo ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa Kunduchi. Siku nilipoingiza vitu nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akazitazama cherehani zangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hizo mashine utaziweka chini hivyo hivyo?"

"Ndiyo Bibi, sakafu ni nzuri tu."

"Sawa. Sakafu ni nzuri."

Hakuongeza neno. Nimejifunza baadaye kwamba mtu mzima wa pwani akirudia maneno yako namna ile, inabidi ukae chini umuulize.

Vuli ya mwaka ule ilipokuja, maji yaliingia uani yakafika vifundoni, yakakaa nusu siku, yakaondoka. Nikafurahi. Nikaona sasa nimekwisha kuijua mvua ya Dar, kumbe nilichokiona ni mvua ndogo ya mwaka. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huja kwa vipindi na kuachia jua. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo mvua kubwa inayojaza mito. Februari nikalipa tena miezi sita bila wasiwasi wowote.

Katikati ya Aprili 2018 ilinyesha mfululizo. Nilikuwa na vitenge vya sare ya harusi, vipande 26 vya kamati nzima ya wanawake, vingine vimekatwa, vingine bado. Usiku ule mvua ilikatika, tukashukuru Mungu, tukalala. Maji yalikuja baada ya mvua kukatika. Nilizinduka alfajiri kwa baridi ya godoro mgongoni. Nilipoteremsha mguu, maji yalikuwa magotini, meusi, yana harufu ya choo, na ndani yake vilikuwa vinaelea viatu, chupa za plastiki na sare za watu.

Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kukaa juu ya meza na redio yake, taa yake na kifurushi cha nyaraka ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Alinivuta nikapanda. Tulikaa pale mpaka kukapambazuka, na ndipo aliponieleza kilichotokea, taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kusuka ukili.

Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, huko Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kumwaga baharini pale daraja la Salender. Kwa hiyo anayeishi bondeni asitazame wingu la juu ya paa lake, atazame la Pugu. Mvua ya kule inachukua saa kadhaa kushuka. Halafu kuna bahari. Mwezi ulikuwa unaandama siku zile, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Dar inaingia bamvua, maji yanajaa kabisa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Mto uliofura ukikutana mdomoni na bahari iliyojaa, hauna pa kwenda, unarudi kwa watu.

"Mimi niliitazama juzi kalenda ya msikitini," alisema, "nikapandisha vitu vyangu. Wewe nilikugongea, ukaniambia umechoka."

Ni kweli alinigongea. Nilikuwa nimeshona mpaka usiku, nikamjibu nikiwa kitandani kwamba tutaongea kesho. Jambo hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata fedha.

Gharama niziseme wazi. Vitambaa vya wateja, pamoja na fidia ya mshono uliokwisha kulipiwa, vilikuwa Sh 640,000. Mota na kichwa cha cherehani moja, Sh 210,000. Godoro na vyakula, Sh 160,000. Kodi ya miezi mitatu iliyobaki, Sh 270,000, haikurudi. Jumla Sh 1,280,000. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne. Bibi harusi mmoja alilia mbele yangu na sikuwa na neno la kumwambia. Mama mmoja wa kamati ile alikataa fedha yangu, akaniletea kitambaa kingine nimshonee, na ni mteja wangu hadi sasa. Majuma matano nililala kwa shangazi, nikiwaza kurudi Njombe kila asubuhi. Watu walikufa jijini katika mvua zile. Kila nilipotaka kujihurumia nilikumbuka hilo.

Nilichofanya Mei ni kutafuta nyumba huku mvua inanyesha. Kama nina jambo moja tu la kumsihi anayehamia Dar, ni hili: katafute nyumba wakati wa masika, ukiwa na mabuti ya mpira, na ukishindwa kusubiri masika basi nenda na macho ya masika. Pita mtaa uleule saa moja baada ya mvua. Tazama maji yanaelekea wapi, na ukumbuke kwamba yanakoelekea kuna nyumba ya mtu. Gusa ukuta kwa kiganja usawa wa goti. Rangi ikibanduka na unga mweupe wa chumvi ukabaki mkononi, maji yamewahi kukaa hapo. Usimuulize dalali wala mwenye nyumba. Muulize mama anayekaanga vitumbua pembeni ya njia, maana yeye kila mwaka analazimika kuhamisha jiko. Mimi niliuliza wanne namna hiyo, wawili wakaniambia nisithubutu. Mwishowe nikapata chumba Changanyikeni, juu mlimani, nyuma ya Chuo Kikuu. Ni mbali na wateja na nauli iliongezeka, ila maji yanapita yakienda kwa wengine. Ninalisema hilo kwa uchungu kwa sababu najua yanaenda kwa nani.

Kabla sijaondoka Hananasif Bi Mkubwa alinipa kazi. Akasema ninunue daftari, kila siku niandike jambo moja la nje ambalo halikuwepo jana. Nikanunua kaunta buku. Wiki ya kwanza niliandika "joto", "joto", "mvua", "tope". Nilimsomea kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Upepo ulitoka wapi?" Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Kwa hiyo nikaanza na upepo. Nilifunga kipande cha kanga kwenye kona ya paa. Mei hiyo kilielekezwa na kusi, upepo wa kusini, na uliendelea hivyo hadi Septemba. Juni na Julai ulikuwa mkavu na wa baridi. Hicho ndicho kipupwe, na ndipo nilipoelewa kwa nini wanafunzi wa Dar wanakwenda shule na masweta katika joto ambalo Njombe tungeliita la mchana. Kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki pale soko la Feri wanapanda bei. Nilikuwa nimenunua samaki mwaka mzima nikidhani bei inapanda kwa tamaa ya wauzaji. Oktoba na Novemba kanga yangu ikawa haina msimamo, asubuhi huku, jioni kule. Wavuvi wanaita tanga mbili. Desemba ikageuka kabisa, ikawa kaskazi, upepo wa joto uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, mpaka Machi.

Mtu akishajua upepo, vitu vingine vinaanza kujipanga vyenyewe. Oktoba mbayuwayu wakatua kwenye nyaya za umeme za Changanyikeni, wametoka Ulaya kukimbia baridi. Mwezi huohuo kunguru wakaanza kubeba vipande vya waya na nyuzi zangu zilizokatika. Kunguru hawa si wa asili yetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na mpaka leo sijaamua kama niwachukie. Mbuyu mmoja ninaoupita nikipeleka nguo kwa mteja Msasani, uliokuwa mtupu kipupwe chote, ukachipua majani kabla vuli haijakolea. Halafu ukatoa maua meupe makubwa yanayofunguka usiku kwa ajili ya popo na asubuhi yake yanaanza kunyauka. Ili kuona ua likifunguka nilirudi pale jioni, nikasimama hadi giza likaingia. Mlinzi wa nyumba ya jirani akaja kuniuliza natafuta nini. Nilipomweleza akakaa nami. Alikuwa amelinda hapo miaka sita na kila asubuhi anafagia yale maua, hajawahi kuyaona yakifunguka.

Novemba na Desemba mikrismasi ya Mlimani inakuwa myekundu yote kwa maua. Na kereng'ende wanakuja, maelfu, wanaelea juu ya viwanja vya mpira saa za jioni. Nilidhani wanazaliwa hapo hapo. Kumbe mtafiti Charles Anderson, aliyeishi Maldives, alieleza mwaka 2009 kwamba kereng'ende hawa huonekana kuvuka bahari kutoka India kupitia visiwa vile, wakisukumwa na pepo zilezile za kaskazi, wakifuata mvua kwa sababu wanataga kwenye vidimbwi vyake. Tangu nijue hilo siwezi kumwona mtoto akimfunga kereng'ende uzi mkiani nikanyamaza.

Hata jua linahama. Dar iko kusini kidogo ya Ikweta, kwa hiyo mapema Oktoba, na tena mapema Machi, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa na nguzo ya umeme haina kivuli. Mwishoni mwa Januari jua linazama zaidi ya nusu saa baadaye kuliko katikati ya Mei. Kwa fundi anayeshonea barazani kuokoa umeme, nusu saa ni gauni la mtoto.

Makosa hayakuisha kwa sababu ya daftari. Uani kwetu Changanyikeni kuna mwembe. Julai 2019 ulitoa maua mengi, yakawa yanadondoka pamoja na utomvu juu ya vitambaa vyangu vyeupe, nikampa kijana Sh 15,000 akate matawi yote ya upande wa baraza. Bi Mkubwa alipokuja kunitembelea aliuzunguka mti ule kimya. Mwembe unahitaji baridi na ukavu wa kipupwe ili utoe maua. Nilikuwa nimekata zao zima la Desemba kwa siku moja. Majirani waliokuwa wakigawana maembe yale kabla mimi sijahamia hawakupata upande ule. Na Februari ilipofika nikaelewa hasara ya pili: bati la baraza lisilo na kivuli lilifanya pasikalike kuanzia saa tano hadi saa kumi. Nilikuwa nashona usiku, kwa umeme. Anayetaka kukata mti mjini, kwanza akae nao mwaka mzima, kiangazi na masika. Kama ni doa tu, hamisha kamba ya nguo.

Kosa jingine lilikuwa kuamini dalili moja. Februari 2020 niliona kumbikumbi wakijaa kwenye taa, nikampigia kila mtu Hananasif apandishe vitu. Hakuna kilichotokea wiki ile, na wawili waliacha kunisikiliza. Kumbikumbi hutoka ardhi ikilowa. Wanakuonyesha mvua iliyokwisha kunyesha. Siku hizi nasubiri mambo matatu yakutane: kaskazi imelegea na kanga yangu inalala, wingu zito limekaa juu ya Pugu zaidi ya siku moja, na kalenda inaonyesha mwezi unaandama au unapevuka. Juu ya hayo nasikiliza mwelekeo wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa masika kabla ya Machi na wa vuli karibu na mwisho wa Agosti. Kuna miaka macho ya mtu mmoja hayatoshi. Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi kwa sababu bahari yetu, upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ilikuwa na joto kuliko kawaida, na hilo hakuna kanga ya paani inayoweza kulionyesha. Oktoba 2022 mambo yakawa kinyume, mto Ruvu ukapungua hadi jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Daftari langu la mwezi ule lina mistari mingi ya ndoo, ila pia lina huu: "Mikrismasi imeanza vichipukizi. Ardhi ni kavu kabisa. Sijui inakunywa nini."

Kwa mshonaji mwenzangu, niongeze haya tu. Masika weka vitambaa vyeupe juu, ndani ya nailoni pamoja na mkaa mkavu, la sivyo kuvu itakutangulia. Paka mafuta cherehani kila Jumamosi kuanzia Machi, hewa ya chumvi na unyevu haina huruma na chuma. Usipokee sare ya harusi ya watu wengi katikati ya Aprili kama unaishi bondeni. Na nyaraka ziwe juu, siku zote.

Nyumba ile ya Hananasif haipo tena. Wakazi wa bonde walilipwa fidia kupisha mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na nyumba zikabomolewa. Nilikwenda kupaona. Matete yamesharudi hadi pale palipokuwa na kizingiti cha mlango wangu, na nilisimama hapo muda mrefu nikiwa na mawazo mchanganyiko, maana ni mahali palipoumiza watu na pia mahali nilipofundishwa kuona. Bi Mkubwa amejenga chumba na sebule Chanika kwa mwanawe. Macho yake yamefifia, mbali haoni vizuri, kwa hiyo sasa mambo yamegeuka: kila Ijumaa baada ya swala ananipigia nimsomee daftari.

Ijumaa iliyopita nilimsomea upepo, nikamsomea maua, nikamwambia kanga imelala tangu Jumanne.

"Na mbayuwayu?" akauliza. "Wamekwisha kuondoka huko?"

Nikamwomba asubiri. Nikaacha kitambaa kwenye mashine, nikatoka hadi barabarani na simu mkononi, nikahesabu kwenye nyaya.

"Wamebaki watano, Bibi."

"Basi kesho nipigie tena."